Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu Mombasa: kazi ya mtaani itiwe alama, na majibu yarudi kwa wenyewe

Kwa Manaibu Chansela na Seneti za vyuo vikuu vyenye kampasi Mombasa,
Kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu,
Kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa.

Waheshimiwa,

KUH: Huduma kwa jamii iwe sehemu ya masomo ya shahada

Nawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu wa shule ya sekondari na katibu wa kamati ya kisima katika mtaa mmoja wa Kisauni. Miaka michache iliyopita, asubuhi ya Jumamosi, wanafunzi wanne wa chuo kikuu walikuja kisimani kwetu wakiwa wamevaa makoti meupe ya maabara, mikononi wamebeba chupa nne za kioo na boksi lenye barafu. Walibisha hodi kwa adabu, wakaomba ruhusa kwa mwenyekiti, kisha mmoja wao akaifunga chupa kwa uzi na kipande cha chuma, akaishusha taratibu mpaka ikazama majini, akaipandisha na kuiziba bila kidole chake kugusa mdomo wa chupa. Waliandika namba juu ya kila chupa. Walituuliza kisima kilichimbwa mwaka gani, kina chake ni pima ngapi, na choo kilicho karibu kiko hatua ngapi kutoka hapo. Akina mama waliokuwa wamepanga mitungi yao kwenye foleni waliwapisha, na mmoja wao, bibi anayelea wajukuu watatu ambao kila masika hushikwa na tumbo la kuhara, alimwuliza msichana aliyekuwa akiandika, "Mwanangu, majibu mtatuletea?" Msichana akamjibu, "Tutaleta, bibi, baada ya wiki mbili."

Hayakuletwa. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na yule bibi akawa ananiuliza kila tulipokutana njiani mpaka akachoka kuuliza. Baadaye nilikutana na mmoja wa vijana wale kwenye kivuko cha Likoni, nikamkumbusha habari ya chupa, naye aliona haya kwelikweli. Alinieleza kwamba ripoti iliandikwa, ikasahihishwa, ikapata alama nzuri, muhula ukaisha, na mhadhiri wao, ambaye alikuwa wa mkataba, akaenda kufundisha kwingine. Kurudi Kisauni kungewagharimu nauli ya mfukoni mwao na kusingewaongezea alama hata moja. Neno alilolisema kabla ya pantoni kufungua mlango ndilo lililonikalisha kuandika barua hii: "Mwalimu, hakuna mahali palipoandikwa turudi."

Simlaumu kijana yule, wala chuo chake sikitaji, kwa sababu ningeweza kuandika kisa kama hiki juu ya chuo kingine chochote. Nimesahihisha mitihani kwa zaidi ya miaka 30 na najua kwamba mwanafunzi hufanya kile kinachotiwa alama. Kama mwongozo wa kozi unamtaka achukue sampuli na kuandika ripoti, atachukua sampuli na kuandika ripoti. Kama ungemtaka arudi na kusimama mbele ya wale akina mama awaeleze kilichoonekana katika maji yao, angerudi, na naamini angerudi kwa furaha.

Ombi langu kwenu, basi, ni hili. Katika kila programu ya shahada inayofundishwa Mombasa, kuwe na angalau yuniti moja ambayo sehemu kubwa ya alama zake inatokana na kazi aliyoifanya mwanafunzi pamoja na watu wa mtaa, kwa ujuzi wa fani yake mwenyewe, chini ya usimamizi wa mhadhiri, na ambayo haihesabiki kuwa imekamilika mpaka matokeo yake yamefikishwa kwa wenyewe kwa lugha wanayoielewa.

Naomba nieleweke vizuri, kwa sababu maneno "huduma kwa jamii" yameshazoeleka kwa maana nyingine. Nawashukuru kwa dhati vijana wanaokuja na mafagio, glavu na fulana zenye nembo ya chuo kusafisha ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, na sitaki siku hizo zikome. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi wa ujenzi anapofagia mchanga kwa saa mbili, ametupa mikono yake, na mikono tunayo. Tusichokuwa nacho ni kile alichokuwa akisomea kwa miaka minne. Mvua za El Nino za mwezi Novemba 2023 zilipoifurikisha Mombasa, mtaro unaopita nyuma ya nyumba zetu uliyarudisha maji vyumbani badala ya kuyapeleka baharini, na mpaka leo hakuna aliyeweza kutueleza kama tatizo ni upana wa mtaro, mteremko wake, au ukuta uliojengwa chini yake. Wanafunzi watano wenye kifaa cha kupimia mwinuko wa ardhi wangelijua jambo hilo kwa wiki moja.

Wala siombi utumishi wa kabla au baada ya masomo. Wazee wenzangu wanakumbuka wanafunzi wa miaka ya 1980 waliopelekwa Huduma ya Vijana kwa Taifa kabla ya kuingia chuo kikuu, na Kikosi Kazi cha Rais kuhusu Mageuzi ya Elimu, katika ripoti yake ya mwaka 2023, kilipendekeza kipindi cha huduma ya lazima kwa wanaomaliza masomo. Mipango ya namna hiyo ina faida zake, lakini yote inatenga kusoma na kuhudumu, kana kwamba kijana hawezi kujifunza na kufaa watu kwa wakati mmoja. Atachimenti nayo, ambayo vyuo vingi vinaitaka, humpeleka kijana ofisini au kiwandani, na si wachache waliotusimulia kwamba miezi yao mitatu ilipita kwenye mashine ya fotokopi.

Turudi kwenye kisima, kwa maana jambo hili haliwezi kuonekana vizuri kutoka mbali. Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya ukanda wa Kisauni na Nyali imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo umejaa mianya na mapango madogo, hivyo maji machafu yanayozama katika choo cha shimo hayachujwi polepole kama yanavyochujwa katika mchanga bali hupita upesi mpaka kwenye maji ya chini. Kanuni inayofundishwa darasani ni kwamba kisima kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye choo, na penye mwamba wa namna hii hata mita 30 hazitoshi kumpa mtu usalama. Katika mitaa yetu, ambako kiwanja kimoja kimegawanywa kwa nyumba nne, hatua 15 ni nyingi. Tunakunywa maji hayo kwa sababu ya bomba kavu. Bomba la kwanza la kutoka chemchemi za Mzima lilikamilika mwaka 1957, likaongezwa juu ya maji ya chemchemi za Marere yaliyokuwepo tangu kabla yake, na visima vya Baricho na Tiwi vikafuata, lakini sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, na maji yanayofika hayawatoshi. Kwa hiyo maji huja kwa mgao, na yasipokuja tunanunua kwa mwenye mkokoteni au tunateka kisimani, na yakija tunayahifadhi katika kila chombo tulicho nacho.

Hapo ndipo tatizo moja linapozaa jingine. Mbu anayeeneza dengue na chikungunya hapendi maji ya mtaroni. Hutaga mayai katika maji safi yaliyotulia, ndani ya madramu na ndoo zilezile tunazohifadhia mgao, naye huuma mchana. Mlipuko wa chikungunya ulioikumba Mombasa mwishoni mwa mwaka 2017 na kuingia mwaka 2018 uliwaacha majirani zangu wakitembea wameinama kwa maumivu ya viungo kwa wiki kadhaa, na wengi wetu tulikuwa tumefunika mashimo ya maji machafu kwa bidii huku madramu yetu yakiwa wazi. Hakuna aliyekuwa mjinga. Hakuna aliyekuwa ametuambia, basi.

Sasa tazameni ni fani ngapi zimekusanyika kwenye kisima kimoja. Mwanafunzi wa mikrobiolojia anajua kwamba sampuli ya maji inapaswa kukaa kwenye barafu na kufika maabara upesi, ikiwezekana ndani ya saa 6, na kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata bakteria mmoja wa kinyesi aitwaye E. coli. Mwenzake wa afya ya umma anajua kuhesabu vyombo vyenye viluwiluwi nyumba kwa nyumba. Yule wa jiolojia au uhandisi anaweza kutuchorea ramani ya visima na vyoo. Na kamati yetu, ambayo hukusanya pesa kidogo kwa kila mtungi ili kununua klorini na kutengeneza pampu, ina daftari la hesabu ambalo mimi mwenyewe nimelichanganya mara tatu, na mwanafunzi wa uhasibu wa mwaka wa pili angelinyoosha kwa siku mbili na kutufundisha tuliendeleze. Wote hao wanasoma umbali wa safari moja ya matatu kutoka hapa.

Naomba nikae kidogo juu ya lugha, kwa kuwa naona ndipo elimu yetu ya juu inapovuja zaidi. Ripoti ya wale vijana wanne iliandikwa kwa Kiingereza, kama kanuni za chuo zinavyotaka, na hata kama ingeletwa, watu wawili au watatu kwenye foleni ile ndio wangeweza kuisoma. Ibara ya 7 ya Katiba yetu ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sitaki kuingia katika mjadala wa lugha ya kufundishia. Nasema tu kwamba sehemu ya mwisho ya kazi hii, ile ya kurudisha majibu, iwe kwa Kiswahili, itolewe kwa mdomo barazani na pia kwa ukurasa mmoja ulioandikwa na kuachwa mtaani, na itiwe alama kama sehemu nyingine yoyote. Mwanafunzi atakayelazimika kumweleza bibi mwenye mtungi kwa nini maji yanayong'aa yanaweza kuwa na kinyesi, kwa nini klorini inahitaji nusu saa kabla ya kunywewa, na kwa nini kuzidisha dozi hakuongezi usalama bali kunaharibu ladha na kuwafanya watu wayakimbie maji yaliyotibiwa, atakuwa amelielewa somo lake kwa kina ambacho mtihani wa maandishi haukifikii. Nimelishuhudia hilo darasani mwangu miaka yote: mtoto anayeweza kumweleza mama yake kanuni ya kemia ndiye aliyeielewa kanuni.

Kuna jambo jingine zito zaidi ambalo sitaki kulipita. Kule Owino Uhuru, Mikindani, watu waliishi kwa miaka ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, wakivuta moshi na kuoga maji yenye sumu ya madini ya risasi. Jambo hilo lilianza kujulikana kwa sababu ya mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani humo, ambaye mtoto wake mchanga aliugua na kutibiwa kama mgonjwa wa malaria na homa ya matumbo mpaka damu yake ilipopimwa ikaonekana ina risasi. Mama huyo aliwakusanya wenzake wakaandamana, wakatishwa, wakaendelea, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi uliotenguliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2023 na kurejeshwa na Mahakama ya Juu mwezi Desemba 2024. Nikilisoma jambo hilo huwa najiuliza swali ambalo si la kumlaumu mtu. Kama kungekuwa na utaratibu wa kawaida, muhula baada ya muhula, wa wanafunzi wa kemia kupima udongo na maji ya mitaa iliyopakana na viwanda, na wa wanafunzi wa sheria kuwasaidia wakazi kuandika barua ya kudai taarifa chini ya Ibara ya 35 ya Katiba, je, ingelazimu damu ya mtoto mchanga iwe ndiyo kipimo cha kwanza? Risasi katika udongo haionekani kwa macho wala hainuki. Inaonekana kwa mtu mwenye kifaa na sababu ya kufika pale.

Mambo haya si mageni duniani, wala si mageni kwetu. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kimekuwa tangu miaka ya 1990 na mpango uitwao COBES, ambao unawapeleka wanafunzi wa udaktari katika vituo vya afya na vijiji wakiwa bado masomoni, na kazi hiyo inatahiniwa kama masomo mengine. Kaskazini mwa Ghana, chuo cha University for Development Studies, kilichoanzishwa Tamale mwaka 1992, kiliutenga muhula wa tatu wa mwaka kwa ajili ya kazi ya vijijini, ambapo wanafunzi wa vitivo mbalimbali huishi pamoja katika kijiji kimoja kwa wiki kadhaa na kurudi tena mwaka unaofuata. Meksiko imeifanya huduma ya jamii kuwa sharti la kupata shahada tangu miaka ya 1940, na saa zake hazipungui 480. Kati ya mipango hiyo mitatu, mimi nauona ule wa Ghana kuwa ndio unaotufaa zaidi, kwa sababu ya jambo moja dogo, kwamba wanafunzi hurudi mahali palepale.

Na hata sheria yetu inaelekea huko. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, katika kifungu cha 3, inataja miongoni mwa malengo ya elimu ya chuo kikuu kuyafikisha matokeo ya utafiti kwa jamii kwa jumla. Niliposoma maneno hayo nilizikumbuka zile chupa nne. Zaidi ya hayo, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kabla ya kupata hati yake mwaka 2013 na kabla ya kuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu iliyosimamishwa miaka ya 1940 kwa michango ya jamii na viongozi wake, na wazee wetu waliochanga walitaka vijana wapate ufundi wa kuwafaa watu wao. Naliona ombi langu kuwa ni la kurudi kwenye nia ile.

Nije kwenye alama, kwa kuwa barua isiyozungumzia alama itafunguliwa na kufungwa. Katika vyuo vyetu vingi mtihani wa mwisho wa yuniti huchukua alama 70 na tathmini ya ndani ya muhula huchukua 30. Sipendekezi kuvunja utaratibu huo kwa pigo moja. Napendekeza kwamba katika yuniti zilizochaguliwa, alama 20 kati ya zile 30 zitokane na kazi ya mtaani, na kati ya 20 hizo, 8 zitolewe kwa kurudisha majibu, na wakazi waliohudhuria waulizwe maoni yao kwa fomu fupi ya Kiswahili kabla mhadhiri hajaandika alama yake. Mhadhiri abaki ndiye mwenye kalamu. Siombi wakazi wawe watahini, bali wawe mashahidi kwamba mtu alirudi.

Najua mtakachosema, na mengi yake yana haki. Wahadhiri wamelemewa, wengine wanafundisha madarasa ya watu mia tatu na kusahihisha usiku, na wengi ni wa mkataba ambao malipo yao huchelewa. Kuwaongezea kazi hii bila kuwapunguzia nyingine ni kuwadhulumu, na kazi ya mwenye kudhulumiwa haidumu. Ndiyo maana nawaomba mwanzo uwe mdogo: yuniti moja katika kila kitivo, mtaa mmoja kwa kila yuniti, na mtaa huohuo kwa miaka isiyopungua mitatu, ili darasa la mwaka huu lianzie pale lilipoishia darasa la mwaka jana, na mhadhiri akihama, daftari libaki. Saa za mhadhiri za kwenda mtaani zihesabiwe kuwa saa za kufundisha. Na anapoomba kupandishwa cheo, kazi hiyo iwekwe mezani pamoja na makala zake, kwa sababu makala katika jarida inasomwa na wenzake wachache, na kisima kilichotibiwa kinanywewa na nyumba mia mbili.

Lipo pia suala la usalama na bima, ambalo mnalijua kuliko mimi, na wazazi watataka kuliona limeandikwa kabla binti yao hajapanda matatu kwenda mtaa asioujua. Upande wetu tunaweza kusaidia: mzee wa mtaa na mhamasishaji wa afya ya jamii, ambaye anaijua kila nyumba na kila mgonjwa, waandamane na wanafunzi siku zote za kazi. Nauli italipwa na nani ni swali la haki, si dogo, kwa maana wapo wanafunzi wanaokula mlo mmoja kwa siku wakingojea mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na kazi ya lazima isiyo na nauli itawaumiza hao kwanza. Naomba chuo kiweke gharama hiyo katika bajeti ya kozi kama kinavyoweka kemikali za maabara.

Jambo ninaloliogopa mimi zaidi ni sisi kugeuzwa mahali pa mazoezi. Mtaa wa watu maskini ni rahisi kuingia. Hakuna mlinzi mlangoni, na watu wetu wana adabu kwa mgeni mwenye kalamu hata kama hawajui anaandika nini. Tumehojiwa mara nyingi kuhusu choo chetu, kipato chetu na idadi ya watoto wetu, na majibu yetu yamepata shahada kwa watu tusiowajua. Kwa hiyo maswali yaanzie kwetu. Kila mtaa unaoshiriki uwe na daftari la maswali, litunzwe katika ofisi ya msimamizi wa wadi, na mhadhiri achague kutoka humo swali linalolingana na somo lake badala ya kuja na dodoso lililoandikwa kwingine. Damu, maji, picha na majina yasichukuliwe bila idhini ya mwenyewe. Na kazi hii isigeuzwe kuwa ya mwanasiasa wala kuchukua nafasi ya watumishi wanaostahili kulipwa na kaunti: mwanafunzi akigundua kwamba mtaro ni mwembamba, wa kuupanua ni serikali.

Kwenu Serikali ya Kaunti, haya yana sehemu yenu mahsusi. Kaunti ndogo zote sita, kutoka Mvita hadi Likoni, zina ofisi za afya, maji na mazingira, na ripoti ya wanafunzi ikishasomwa barazani inapaswa kuwa na meza ya kutua na afisa mwenye jina la cheo chake atakayejibu kwa maandishi katika siku zilizotajwa. Bila hivyo wanafunzi watarudi na majibu, watu watajua maji yao ni machafu, na kujua huko kutakuwa mzigo mpya tu.

Kwenu Tume, naomba mkumbuke kalenda. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2019 na kuanza mtaala mpya sasa wako shule ya upili ya juu, ambako somo la huduma kwa jamii ni miongoni mwa yale ya lazima, na mambo yakienda yalivyopangwa watabisha hodi kwenye milango ya vyuo mwaka 2029. Watafika wakiwa wamezoea kutoka darasani, kuuliza mtaa tatizo lake, kulifanyia kazi na kupimwa kwa kazi hiyo. Ikiwa watakachokuta ni ukumbi wa mihadhara na karatasi za maswali ya miaka iliyopita, tutakuwa tumewafunza tabia njema kwa miaka mingi kisha tukawanyang'anya pale hasa walipopata ujuzi wa kuitumia. Kozi mpya huchukua muda kuandikwa, kupitishwa na seneti na kuidhinishwa nanyi, kwa hiyo miaka iliyobaki si mingi.

Kamati yetu ilikutana Ijumaa iliyopita baada ya sala ya alasiri na kukubaliana kwamba tuko tayari kulipokea darasa la kwanza muhula ujao, la fani yoyote. Tutatoa mahali pa kukaa kivulini, viti, maji ya kunywa yaliyochemshwa, na watu wawili wa kuongozana na wanafunzi kila siku ya kazi. Daftari letu la maswali tumeshalianza na lina mambo 11. La kwanza tumeliandika kwa maneno ya yule bibi kama alivyoyasema: maji yaliyochukuliwa kwenye chupa nne yalikuwa na nini?

Wenu katika kuitakia heri elimu ya nchi hii,

Katibu wa kamati ya kisima,
Kisauni, Mombasa.